Mguu umechunika hadi mfupa unaonekana? Flapu inaweza kuuokoa

Ajali ya bodaboda, jiwe kuporomoka machimboni, kuungua moto. Kwa mkazi wa Ushetu, Shinyanga, mguu unaweza kupoteza ngozi na nyama kwa njia hizo zote. Wengi wanadhani kidonda kikifika mfupani, kinachofuata ni kukatwa. Si lazima.

Flapu ni nini?

Ni kipande cha ngozi, wakati mwingine na nyama, kinachohamishwa kufunika kidonda kikiwa na mishipa yake ya damu.

Kupandikiza ngozi ni kitu kingine. Ile ngozi ni nyembamba na hukatwa kabisa ilikotoka, hivyo inategemea damu ya pale inapowekwa. Juu ya mfupa mtupu au kano iliyo wazi, haishiki. Flapu inakuja na damu yake.

Inafanyikaje?

Kwanza kidonda kinasafishwa na nyama iliyokufa inaondolewa, pengine zaidi ya mara moja. Kisha daktari anachagua:

- Kisigino au kifundo: ngozi ya nyuma ya shavu la mguu inageuzwa kwenda chini. Njia hii ilielezwa na Masquelet wa Ufaransa mwaka 1992, na haihitaji hadubini.
- Kidonda kidogo cha kisigino: inatumika ngozi ya katikati ya unyayo, pale pasipogusa ardhi. Inafanana na ile iliyopotea.
- Kidonda kikubwa: kipande kinatoka mbali, mfano pajani, na mishipa inaungwa kwa hadubini. Upasuaji huu huchukua saa nyingi.

Pale ngozi ilipotolewa, daktari anashona, au pakiwa papana anapandikiza ngozi nyembamba.

Nini kinaiharibu?

Kuilalia, kisukari kisichodhibitiwa, na sigara. Ushetu wanalima tumbaku, kwa hiyo hili liwekwe wazi: nikotini inabana mishipa midogo ambayo flapu inaitegemea. Ikigeuka bluu au nyeusi, ita nesi hapohapo, usisubiri asubuhi.

Ufanye nini ukiumia?

Kama damu inatoka sana, gandamiza kwa kitambaa safi. Kama haitoki sana, osha kwa maji safi yanayotiririka, funika, nenda kituo cha afya. Usipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe.

Mfupa ukionekana, omba rufaa mapema. Kanda ya Ziwa ina Hospitali ya Bugando, Mwanza; Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Mfupa ukikaa wazi unakauka na kuingiwa na wadudu, na hapo nafasi ya kuuokoa mguu inapungua.

Baada ya kupona

Usitegemee mguu uleule. Mara nyingi flapu haina hisia kamili, hivyo unaweza kukanyaga msumari usijue. Vaa viatu vinavyokutosha na kagua unyayo kila jioni. Lakini utakuwa unatembea kwa mguu wako mwenyewe.