Mfanyakazi hodari

Mfanyakazi hodari (pia: mfanyakazi bora) ni mtu anayetuzwa na mwajiri wake kwa kufanya kazi vizuri kuliko kawaida katika mwaka husika. Nchini Tanzania tuzo hizo hutolewa hasa tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi, maarufu kama Mei Mosi.

Uteuzi

Kwa kawaida kila idara, shule, hospitali au kampuni hupendekeza majina, ama kwa kura za wafanyakazi wenyewe, ama kwa uamuzi wa uongozi na chama cha wafanyakazi. Mshindi hupewa cheti pamoja na fedha au zawadi nyingine.

Tuzo hiyo ni tofauti na tathmini rasmi ya kila mtumishi. Katika utumishi wa umma tathmini ilianza kufanywa kwa fomu za OPRAS mwaka 2004. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na mfumo wa kidijiti wa PEPMIS. Katika yote miwili, mtumishi hupimwa kwa malengo aliyokubaliana na msimamizi wake.

Sifa

Sifa zinazotazamwa zaidi ni kuwahi na kuhudhuria kazini, kutimiza malengo, uadilifu, ubunifu, ushirikiano na lugha nzuri kwa wanaohudumiwa. Uzito wake hutegemea kazi: kwa mhasibu kosa dogo la hesabu ni jambo kubwa, na kwa muuguzi wa zamu ya usiku uangalifu kwa mgonjwa hutangulia wingi wa kazi.

Mei Mosi mjini Mwanza

Mwaka 2021 sherehe za kitaifa zilifanyika katika Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Mgeni rasmi alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa tarehe 19 Machi mwaka huo. Alitangaza kuwa kiwango cha chini cha kodi ya mishahara kitashuka kutoka asilimia 9 hadi 8, lakini nyongeza ya mishahara isubiri mwaka uliofuata.

Ukosoaji

Kura zinaweza kumpa ushindi anayependwa badala ya anayefanya kazi, na uamuzi wa uongozi unaweza kumpendelea asiyehoji. Aidha, sifa za mtu mmoja huweza kuficha jasho la wengi. Mwaka 1935 mchimbaji Alexei Stakhanov wa Umoja wa Kisovyeti alisifiwa kwa kuchimba tani 102 za makaa ya mawe katika zamu moja, ingawa alikuwa na wasaidizi.

Tena, tuzo humhitaji mwajiri. Katika kata hiyohiyo ya Kirumba liko soko la samaki la Mwaloni, ambako wabeba mizigo na wachuuzi wa dagaa hujitafutia riziki kwa siku. Wengi wao hawana mkataba wa ajira, hivyo hata wakiwa hodari namna gani, hakuna ofisi ya kuwapendekeza.

Tazama pia

Siku ya Wafanyakazi Duniani
Chama cha wafanyakazi
Kirumba