Nuru ya Madini, Nuru ya Seli: Likasi na Shinkolobwe

Mwaka 1915 iligunduliwa hazina ya urani huko Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi, ambao wakati wa ukoloni uliitwa Jadotville. Kilichotafutwa zamani hizo si urani yenyewe, bali radiamu iliyofichika ndani yake. Kuanzia mwaka 1922 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliichuja radiamu hiyo huko Olen, Ubelgiji. Pamoja na matumizi yake hospitalini, radiamu ilitiwa katika rangi ya kung'arisha nyuso za saa gizani. Nchini Marekani, wasichana waliopaka rangi ya aina hiyo na kuchonga ncha za brashi kwa midomo waliugua, na baadhi yao wakafa. Nuru ilionekana kwa macho. Madhara yake yalijificha mwilini.

Siri ya madhara hayo imo ndani ya seli. Mnururisho huvunja maji ya seli na kuzaa chembe kali za oksijeni. Kobalti nayo, ikizidi, huchochea chembe za namna hiyo. Kinga ya seli ni vizuiaoksidishaji, hususan glutathioni, ambayo hutumika na kupungua kadiri inavyopambana.

Hapo awali, kuipima glutathioni kulidai seli zisagwe, yaani zife kwanza. Viashiria ving'aavyo vilileta mageuzi: kemikali huingia katika seli hai, hushikamana na glutathioni, kisha hung'aa chini ya taa ya hadubini. Mwaka 2004 wanasayansi walitangaza aina mpya, iliyotokana na protini ya kijani ambayo Osamu Shimomura aliitenga kutoka kwa konyeza mwaka 1962. Mng'ao wake hubadilika kinga inapolemewa.

Mwaka huohuo wa 2004 serikali ya Kongo iliamuru Shinkolobwe ifungwe. Vumbi la madini, hata hivyo, halikukoma Katanga. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba watoto wa Kasulo, mjini Kolwezi, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo, pamoja na dalili za vinasaba kuharibiwa kwa oksidishaji.

Mkojo hueleza hasara iliyokwisha kutokea. Kiashiria king'aacho huonyesha kinga ingali ikipigana. Ardhi ya Likasi iliangaza saa za wageni kwa miongo mingi. Haki yadai nuru hii ya pili iwafikie wakaao juu ya ardhi hiyo.