Shingo Ikibonyezwa, Moyo Hupunguza Mwendo

Ateri kuu mbili za shingo, moja kila upande, hupeleka damu kichwani. Chini ya taya, karibu na usawa wa kikoromeo, kila moja hugawanyika: tawi moja huenda kwenye ubongo, jingine usoni. Mwanzoni mwa tawi la ubongo mshipa umetuna kidogo, na ukuta wake umejaa ncha za neva. Pakibonyezwa hapo, mapigo ya moyo hupungua.

Caleb Parry, daktari wa mji wa Bath nchini Uingereza, alilieleza jambo hilo mwaka 1799 katika kitabu chake kuhusu maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Sababu hakuwa na namna ya kuijua. Mwaka 1845 ndugu wawili Wajerumani, Ernst na Eduard Weber, walionyesha kwamba neva ya vagasi ikichochewa kwa umeme, moyo hulegea na hata kusimama. Wataalamu wengi walishangaa, kwa kuwa walizoea neva inayoamsha kiungo, si inayokituliza.

Ndipo likaja kosa lililodumu zaidi ya nusu karne. Mwaka 1866 Johann Czermak, aliyekuwa tayari na sifa kwa kueneza matumizi ya kioo cha kuchungulia koo, alijibonyeza shingo na moyo wake ukapunguza mwendo. Vagasi na ateri hupita pamoja ndani ya ala moja, kwa hiyo aliamini kwamba kidole kilikuwa kimeibana neva yenyewe. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki kamili, na pengine ndiyo maana haikuhojiwa mapema. Madaktari wakaendelea kukibonyeza kile walichodhani ni vagasi.

Heinrich Ewald Hering ndiye aliyevitenganisha viwili hivyo katika miaka ya 1920. Kwa wanyama wa maabara, kuibana vagasi peke yake hakukuleta matokeo yale. Kuuminya ukuta wa ule uvimbe wa ateri kuliyaleta mara moja, na shinikizo la damu likashuka pia. Neva ndogo inayotoka hapo ilipokatwa, kila kitu kilikoma. Ukuta wa mshipa, basi, hupima jinsi damu inavyoutanua. Ukivutika, habari hupanda kwa neva ya tisa ya kichwa hadi kwenye shina la ubongo, na amri ya kutuliza moyo hushuka kwa vagasi. Czermak alikuwa ameitaja njia ya kurudi akidhani ndiyo ya kwenda. Kidole huidanganya tu mitambo hiyo ione kwamba shinikizo limepanda.

Corneille Heymans wa Ghent, Ubelgiji, aliyeonyesha kuwa eneo hilohilo huhusika na upumuaji, alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938. Mwaka 1933 Soma Weiss na James Baker, huko Boston, walikuwa wameeleza wagonjwa wanaozimia kwa sababu sehemu hiyo ni nyepesi mno kuchokozwa. Kwa watu wa namna hiyo hata kola inayobana au kugeuza shingo ghafla huweza kutosha.

Hospitalini daktari bado huweza kuikanda sehemu hiyo kwa sekunde 5 hadi 10 ili kuukatiza moyo unaokwenda mbio, upande mmoja tu kwa wakati, huku kipimo cha umeme wa moyo kikiendelea. Kwanza husikiliza ateri kwa stetoskopu. Ikivuma, haguswi mtu, kwani utando wa mafuta ulioganda ukutani unaweza kumeguka na kusababisha kiharusi.