Shingo Iliyoponywa na Zaburi

Leo nina swali: mtumishi wa Mungu akivunja sheria ya nchi, ahukumiwe na nani? Swali hili lilimwua askofu mkuu.

Mwaka 1163 huko Uingereza, kasisi mmoja wa Bedford, Philip de Brois, alikuwa ameshitakiwa kumwua askari. Alikuwa amekula kiapo mbele ya mahakama ya askofu, akaachiliwa. Hakimu wa mfalme alipotaka kulifungua shauri tena, Philip akamtukana. Mfalme Henry wa Pili alighadhibika. Akadai kwamba kasisi akionekana ana hatia na kuvuliwa ukasisi, basi apewe adhabu ya mfalme kama mtu mwingine yeyote. Askofu Mkuu Thomas Becket akakataa, akisema Mungu mwenyewe haadhibu kosa moja mara mbili. Mwaka 1164 madai ya mfalme yaliandikwa huko Clarendon, na Becket akakimbilia Ufaransa. Alirudi Desemba 1170. Tarehe 29 ya mwezi huo askari wanne wa mfalme walimwua kwa panga ndani ya kanisa kuu la Canterbury.

Kwa damu ile Kanisa lilishinda. Mwaka 1174 mfalme alikwenda kaburini bila viatu, akachapwa na watawa, na makosa mengi ya makasisi yakaachiwa maaskofu.

Mimi namheshimu Becket kwa kukataa Kanisa liwe mali ya mfalme. Lakini tazama matunda yake. Kwa kuwa wasomaji wa zamani zile walikuwa makasisi, mahakama zilianza kumpima kasisi kwa kusoma. Mwuaji alipewa Zaburi ya 51. Akiisoma, shingo yake imepona. Hata asiyejua kusoma aliweza kuikariri. Mwaka 1598 mtunga michezo Ben Jonson alimwua mwigizaji Gabriel Spencer, akasoma, akatoka na chapa ya moto kwenye kidole gumba. Toba ya Daudi, jamani, ikawa mlango wa kutorokea! Kinga hiyo ya makasisi ilifutwa mwaka 1827.

Na katika ugomvi wote ule wa mfalme na askofu, ni nani aliyeuliza habari za jamaa ya yule askari wa Bedford?

Niliwakumbuka watu hao mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Serikali ilipotaja masharti mapya kwa makanisa, wengi wetu tuliutetea uhuru wa kuabudu, nao umo katika Katiba yetu ya 2010. Haki yetu. Lakini Paulo mbele ya Festo hakuomba mahakama ya mitume. Alikata rufani kwa Kaisari, tena alikubali kufa kama ingeonekana amekosa.

Basi, mzee wa kanisa: mama akikujia usiku akilia kwamba mwalimu wa kwaya amemdhuru binti yake, utamsindikiza kituo cha polisi, au utamwambia angoje kikao cha wazee?