Wazungu Wawili na Filamu ya Weusi

Michael Roemer alizaliwa Berlin mwaka 1928, kwenye familia ya Kiyahudi. Alikuwa na miaka mitano tu Hitler alipochukua utawala. Mwaka 1939, akiwa na miaka 11, alipandishwa treni pamoja na watoto wengine akapelekwa Uingereza bila wazazi. Safari zile ziliokoa watoto karibu 10,000, na wengi wao hawakuwaona tena baba na mama. Mwaka 1945 Roemer akavuka bahari kwenda Marekani. Kwa maneno yetu ya hapa, alikimbia mara ya kwanza, halafu akapata nchi ya tatu.

Naanza na huyo kwa sababu ndiye aliyeongoza filamu inayoitwa Nothing But a Man, ya mwaka 1964. Ni hadithi ya Duff, kijana mweusi wa Alabama, kibarua wa kutengeneza reli, anayemwoa mwalimu wa shule, binti wa mchungaji. Niliionyesha kwa vijana wa kikundi chetu nikitafsiri kwa mdomo, maana maandishi ya Kiswahili haina. Dada mmoja aliuliza swali ambalo sijalimaliza mpaka leo: hawa wazungu wawili, nani aliwapa ruhusa ya kusimulia maisha ya weusi?

Wawili, kwa sababu mwenzake alikuwa Robert M. Young, mpiga picha wa New York. Wote wawili walisoma Harvard. Young alikuwa ametengeneza filamu ya habari kuhusu vijana weusi waliokaa kwenye mikahawa ya wazungu na kukataa kuondoka, na nyingine kuhusu vita ya Angola. Halafu wakaenda pamoja Palermo, Italia, wakapiga picha mtaa wa maskini. Televisheni ya NBC iliyowatuma ikaona kazi ile ni nzito mno, ikakataa kuionyesha. Basi wakaamua kufanya ya kwao wenyewe, bila bosi.

Kabla ya kuandika chochote, mwaka 1962, walisafiri kusini mwa Marekani. Watu wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, waliwasaidia, wakawa wanalala kwenye nyumba za watu weusi, familia moja ikiwapeleka kwa nyingine. Wakati ule mzungu kulala kwa mweusi ilikuwa hatari kwa wote, na zaidi kwa mwenye nyumba, maana mgeni ataondoka yeye atabaki. Hili nataka wageni wetu wenye kamera walisome mara mbili. Wengine wanakuja hapa saa nne asubuhi na saa nane gari inawasha.

Roemer mwenyewe alieleza kwamba aliyoyaona kwa Wayahudi wa Ujerumani yalimsaidia kuelewa aliyoyakuta kule. Na kwenye filamu inaonekana. Hakuna mtu anayenyongwa. Duff anapata kazi kwenye kiwanda cha mbao, anawaambia wenzake washikamane, mmoja anapeleka maneno kwa bosi. Anaambiwa ayakane mbele ya wenzake. Anakataa, anafukuzwa, na kila mlango akibisha jina lake limeshafika. Kisha hasira anaileta nyumbani, anamsukuma mke wake mwenye mimba. Pale vijana wetu wa kiume walinyamaza kabisa. Mwanamume aliyenyimwa kazi mpaka anamgeukia mke, hiyo si habari ya Alabama peke yake.

Lakini swali la dada bado. Jibu langu la nusu ni kwamba filamu haikuwa ya wawili. Duff ni Ivan Dixon, ambaye baadaye akawa mwongozaji na mwaka 1973 akatoa filamu yake mwenyewe, The Spook Who Sat by the Door, kali kuliko hii. Mke ni Abbey Lincoln, mwimbaji wa jazi aliyekuwa tayari anaimba kuhusu uhuru wa weusi. Miaka ya 1970 alitembea Afrika, akarudi na jina Aminata Moseka, na hilo la pili alipewa Zaire. Wakongo mnaosoma hapa mnaelewa moseka ni nani. Baba mlevi ni Julius Harris, ambaye hakuwa amewahi kucheza filamu. Watu hawa waliyajua maisha yale bila kufundishwa na Roemer. Nyuso zao zinasema mambo ambayo hayakuandikwa.

Na bado walioandika na kushika kamera ni wazungu. Sitalificha hilo. Hata picha zenyewe hazikupigwa Alabama bali New Jersey, kaskazini, mwaka 1963, kwa sababu kusini kundi la weusi na wazungu wakifanya kazi pamoja wangeweza kuuawa. Filamu ilipata zawadi Venice mwaka 1964, lakini kwenye kumbi za kawaida haikutembea sana. Mwaka 1993 Marekani iliiweka kwenye orodha ya filamu za kutunzwa na taifa.

Dada yule sasa anaandika mswada wake, wa dakika kumi, kuhusu foleni ya maji. Ameshasema kamera atashika mwenyewe.