Uhalisia Pepe Ulivyoingia Darasani

Ufundishaji wa uhalisia pepe vyuoni ulianza wakati kifaa chenyewe kingali kinaundwa. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Ivan Sutherland na mwanafunzi wake Bob Sproull walitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani chenye viskrini viwili, kimoja kwa kila jicho. Vioo vyake vilipitisha nusu ya mwanga, hivyo mvaaji aliona chumba alimosimama na, ndani yake, umbo la mistari mitupu likielea hewani. Mkono wa chuma ulioning'inia darini ulipima mwendo wa kichwa; alipogeuka au kusogea, kompyuta ilichora umbo upya kulingana na pale alipo. Kiini cha somo ni hicho hadi leo: picha ifuate kichwa, tena bila kuchelewa.

Mwaka huohuo Sutherland alihamia Chuo Kikuu cha Utah, ambako David Evans alikuwa amejenga idara ya kompyuta. Vitabu vya kiada vya fani hiyo vilikuwa haba, na tatizo lisilo na jibu lilikabidhiwa mwanafunzi. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya Utah. Mwaka 1972 darasa lilipima gari la Volkswagen la mke wa Sutherland: wanafunzi walichora mistari kwenye bodi, wakapima nukta moja baada ya nyingine kwa rula ndefu. Aliyepima boneti kwa mkono wake hasahau kwamba kwa kompyuta kitu ni nukta na vipande bapa vilivyounganishwa. Henri Gouraud, mwanafunzi wa hapo, alikwisha kuonyesha, mwaka 1971, namna ya kulainisha kivuli kati ya vipande hivyo. Mwanafunzi mwenzake, Bui Tuong Phong, akaongeza mng'aro. Mwanafunzi mwingine, James Clark, alitumia kifaa cha kichwani katika utafiti wake wa uzamivu wa 1974 kusanifu nyuso zilizopinda.

Mwaka 1982 Clark alianzisha Silicon Graphics, kampuni ya kompyuta za michoro. Kwa mashine za kampuni hiyo, mwaka 1992 huko Chicago, Carolina Cruz-Neira, Daniel Sandin na Thomas DeFanti walionyesha CAVE, chumba chenye kuta za skrini ambamo watu kadhaa waliingia pamoja. Gharama yake iliwazuia wengi.

Mwaka 2014 ikaja Google Cardboard: boksi la karatasi ngumu, lenzi mbili na simu ya mwanafunzi mwenyewe. Hata hivyo, boksi hilo hutambua kichwa kikigeuka tu. Mtu akipiga hatua, picha haimfuati, jambo ambalo mkono wa chuma wa Harvard uliliweza mwaka 1968.