Mtoto wa Watu Nyumbani Mwako

Wengi wetu tuliopita katika shule hii tulikaa bwenini, nasi twajua maana ya kulelewa na wasiotuzaa. Lakini yako malezi mengine ambayo hayaandikwi sana katika kurasa zetu: kumpokea nyumbani mwanafunzi wa sekondari kutoka nchi ya kigeni, akaishi kama mwana wa nyumba kwa mwaka mzima wa shule. Ajabu ni kwamba mpango mmoja mkubwa wa namna hiyo chimbuko lake ni magari ya kubebea majeruhi.

Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, Mmarekani A. Piatt Andrew alikuwa Ufaransa akiwapanga vijana wa kujitolea kuendesha magari hayo. Bwana huyu alikuwa amefundisha uchumi Harvard na kutumika katika Wizara ya Fedha ya nchi yake. (Watumishi wa serikali wenzangu, nani kati yetu angeacha mafaili kwa safari kama ile?) Chama chao kiliitwa American Field Service. Andrew alipofariki mwaka 1936, uongozi ukashikwa na Stephen Galatti, na vita vya pili vilipozuka madereva wakarudi barabarani. Vita vilipokwisha, hawakuridhika kurudi makwao na kusimuliana habari za zamani, kama tufanyavyo sisi katika mikutano yetu. Mwaka 1947 walileta Marekani wanafunzi 52 kutoka nchi 10.

Kwa nini wa sekondari, wala si wa chuo kikuu? Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa chuo huishi na wenziwe, akaondoka bila kujua wenyeji wanagombana juu ya nini jikoni. Kijana wa miaka 16 bado huulizwa alikuwa wapi na ataambiwa azime taa. Huyo huiona nyumba kwa ndani, nayo nyumba humwona yeye.

Jaribio gumu zaidi lilikuwa la mwaka 1951. Bibi Rachel Andresen wa Michigan alisimamia kuletwa kwa vijana 75 wa Kijerumani, nao wakapokewa na familia za Kimarekani. Vita na Ujerumani vilikuwa vimekwisha miaka sita tu iliyopita! Fikiri, msomaji, mama aliyeona majirani zake wakizika wana wao anamtandikia kitanda kijana wa taifa lile lile. Hapana amri ya serikali iwezayo kumlazimisha mtu hayo. Kutokana na kazi hiyo kilizaliwa chama cha Youth For Understanding.

Mwenyeji wa Marekani halipwi mshahara kwa kumlea mwanafunzi wa namna hii. Sheria ya kodi humruhusu, kwa masharti, kuhesabu hadi dola 50 kwa mwezi kama sadaka, fedha isiyotosha hata chakula cha kijana anayekua. Naye kijana hutarajiwa kuosha vyombo na kutii saa za kurudi. Wahenga wetu walikwisha kusema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini sisi wenyewe, akija mtoto wa Kizungu, twamnyang'anya ufagio na kumpa kuku kila siku. Baada ya mwezi mama wa nyumba amechoka, na mgeni hajajua hata kuchota maji.

Tangu mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge la Marekani liliunga mkono mpango uitwao YES, uliopewa majina ya maseneta Kennedy na Lugar, kwa vijana wa nchi zenye Waislamu wengi. Kenya na Tanzania zikawa miongoni mwa nchi zilizopeleka watoto wao. Wazazi wetu wamejifunza kuaga uwanja wa ndege. Ila kupokea ni kazi nyingine, nayo haihitaji jumba la kifahari: huhitaji kitanda, sahani moja zaidi, na baba asiyeona haya kumkemea mtoto wa watu akichelewa kurudi.